Safari ya Wiki Tano Ambayo Haikutoka Amsterdam

Mwaka 2014 mwanafunzi wa usanifu wa michoro nchini Uholanzi, Zilla van den Born, aliyekuwa na umri wa miaka 25, aliwaaga watu wake kwamba anakwenda kuzunguka Kusini-Mashariki mwa Asia: Thailand, Kambodia, Laos. Wakamsindikiza hadi uwanja wa ndege, wakampungia mkono. Walipoondoka naye akaondoka, ila hakupanda ndege. Alipanda treni, akarudi kwenye nyumba yake Amsterdam, akajifungia ndani.

Kwa wiki 5 zilizofuata ukurasa wake wa Facebook ulikuwa wa msafiri. Mara yuko chini ya maji na samaki wa rangi, mara yuko hekaluni, mara ana sahani ya chakula cha Kiasia mbele yake. Nyumbani walipigiwa simu za video kwa Skype. Aliyejua ukweli ni mpenzi wake peke yake. Muda ulipotimia aliwafichulia mwenyewe, na Septemba ya mwaka huo habari ikazunguka dunia. Ilikuwa kazi ya chuo: alitaka kuonyesha jinsi ilivyo rahisi kwa mtu yeyote kuchuja na kuchonga maisha anayoyaweka mtandaoni.

Waliokisimulia kisa hiki wengi walishika jambo moja tu, kwamba binti anaijua Photoshop, programu ya kuhariri picha. Kweli anaijua. Lakini ukikipitia kisa kipande kwa kipande, picha ndizo zilizofanya kazi ndogo kuliko vyote. Picha ya samaki ingeweza kuwa mbovu maradufu na bado mama mtu angeiamini. Kilichoibeba safari ile ni saa za kutuma ujumbe, watu walioshuhudia bila kujua wanashuhudia nini, na vitu vidogo ambavyo hakuna aliyeviomba.

Picha ya samaki

Tuanze na hiyo picha hata hivyo, kwa sababu ina mafunzo yake. Alivaa miwani na mrija wa kuzamia, akaingia kwenye bwawa la kuogelea la makazi aliyokuwa akiishi, akapigwa picha chini ya maji. Samaki wakaja baadaye, kwenye kompyuta.

Kazi ya namna hii ina hatua zinazojulikana. Unakata umbo la mtu na kulitenga na vigae vya bwawa. Unalainisha kingo, maana ukingo mkali kama wa mkasi ndio unaoonekana kwanza. Unaweka mandhari mpya nyuma, unapanga samaki kwa tabaka, wa karibu wakiwa wakubwa na wakali, wa mbali wakiwa wadogo na wenye ukungu. Halafu inakuja rangi, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Maji hula rangi nyekundu kabla ya nyingine zote. Mita chache tu chini ya bahari, ngozi ya mtu hupoteza wekundu wake na kuelekea kijani na buluu. Kwenye bwawa lenye kina cha mita moja na nusu hilo halitokei kwa kiwango hicho, kwa hiyo mtu aliyepigwa picha bwawani na kupachikwa baharini anang'aa kama mchumba kwenye kadi ya harusi. Ni lazima wekundu upunguzwe kwa mkono, tena zaidi kwenye miguu iliyo mbali kuliko kwenye uso ulio karibu. Mwisho zinaongezwa chenga kidogo, yaani vidoadoa vidogo, juu ya picha nzima ili vipande vyote vionekane vimetoka kwenye kamera moja.

Tofauti ya mwanga haifutiki kirahisi. Jua likipiga maji yanayocheza, huchora mistari ya nuru inayotembea mgongoni mwa mwogeleaji. Mistari hiyo ikiwa mgongoni na isiwepo kwa samaki, au ikitoka kushoto kwa mmoja na kulia kwa mwingine, picha imeungwa. Anayetafuta kasoro aanzie hapo, asianzie usoni.

Ila nani alikuwa anatafuta kasoro? Facebook ilibana picha zake kama inavyobana za kila mtu, na katika kubana huko ilifuta taarifa zilizofichwa ndani ya faili: saa ya kupigwa, aina ya kamera, mahali kama paliwekwa. Watazamaji wakaipata ikiwa ndogo, kwenye kioo cha simu, wakiwa wanatelezesha kidole. Kuitafuta picha yenyewe kwenye Google, njia ambayo leo hufundishwa kila mahali, kusingesaidia chochote. Njia hiyo inakamata picha iliyoibwa kwa mtu mwingine. Hii haikuibwa, mtu aliyemo ni yeye kweli na maji ni maji kweli.

Nyingine hazikuhitaji hata kompyuta. Amsterdam ina hekalu la Kibuddha, akaenda kupiga picha huko. Mji una migahawa ya Kiasia, akakaa mezani na sahani yake. Picha ya aina hii haina uongo wowote ndani yake: mtu alikuwa hekaluni, chakula alikuwa nacho. Uongo uko kwenye fremu, kwenye kile kilichoachwa nje yake, na kwenye picha ya jana iliyomwandaa mtazamaji aione ya leo kama mwendelezo.

Saa mbili ukutani

Sehemu inayostahili kukaliwa zaidi ni ya saa. Thailand, Kambodia na Laos ziko kwenye ukanda mmoja wa saa. Ziko mbele ya Amsterdam kwa saa 5 wakati wa kiangazi cha Ulaya, saa 6 wakati wa baridi. (Kwa aliyeko Dar es Salaam au Mombasa, Bangkok iko mbele kwa saa 4, mwaka mzima, kwa kuwa kote kuwili hakuna anayegeuza saa.)

Sasa fikiria msafiri wa uongo anataka kuandika, "Nimeamka, nakunywa chai." Kama ni saa 2 asubuhi Bangkok, Amsterdam ni saa 9 usiku. Ujumbe huo ni lazima uondoke saa 9 usiku, maana simu ya mama mtu itaandika saa ulipoingia. Ndiyo sababu Zilla alikuwa akituma ujumbe wakati nchi nzima imelala. Ukitazama kwa haraka utaona ni usumbufu tu. Kumbe ndio uliokuwa ushahidi mzito kuliko picha yoyote, kwa sababu hakuna aliyeutazama kama ushahidi. Mtu anayeamka asubuhi na kukuta ujumbe wa binti yake umeingia saa 9 usiku haulizi kama ni kweli yuko Asia. Anahesabu tu: "Kule ni asubuhi sasa." Hesabu ameifanya mwenyewe, na hesabu uliyoifanya mwenyewe huitilii shaka.

Simu ya video ni ngumu zaidi, kwa sababu inaleta dirisha. Wazazi wakipiga saa 1 jioni kiangazi, Uholanzi bado kuna mwanga wa kutosha, lakini kule wanakodhani binti yuko ni saa 6 usiku. Wakipiga saa 4 asubuhi, kule ni saa 9 alasiri na jua la tropiki linachoma. Kwa vyovyote vile mwanga wa dirisha la Amsterdam ni mwanga usio sahihi. Dawa ni moja: pazia lifungwe, chumba kiwe na mwanga wake. Zilla alikipamba chumba chake kwa taa za Krismasi na mwavuli wa mapambo, kikafanana na chumba cha nyumba ya wageni ya bei nafuu. Mapambo hayo wengi waliyacheka baadaye, lakini taa ndogo za rangi zilifanya kazi mbili. Zilileta sura ya ugenini, na zikaondoa haja ya dirisha.

Kamera ya kompyuta huona kipande kidogo cha chumba, kama upana wa mikono iliyokunjuliwa. Hicho ndicho kipande pekee kilichohitaji kwenda Asia. Nyuma ya kompyuta chumba kingeweza kubaki Uholanzi kabisa, na viatu vya baridi mlangoni.

Hapo ndipo tunapouona vizuri utaratibu ambao nyumba za pwani zimeujua siku nyingi. Kuna baraza, anapokaa kila apitaye. Kuna sebule, anapokaribishwa mgeni. Kuna uani, ambako mgeni haingii bila kubisha hodi mara ya pili. Mtu yuleyule ana sura ya barazani na sura ya uani, na hakuna anayeita hilo unafiki. Kinachobadilika mtandaoni ni kwamba mama, mwalimu, rafiki wa utotoni na mtu uliyekutana naye mara moja kwenye basi wote wanakaa baraza moja, na wote wanadhani wamekaribishwa ndani. Skype ya Zilla ilikuwa baraza iliyovalishwa sura ya uani. Wazazi waliona chumba cha kulala wakajiona wako ndani kabisa. Mtu akishaingia ndani haangalii tena mlango.

Mashahidi wasiojua

Kuaga kwenye uwanja wa ndege ndiko kulikofanya mengine yote yawezekane. Kabla ya picha ya kwanza tayari kulikuwa na watu walioona kwa macho yao: begi, tiketi ya maneno, mkono ukipunga. Mtu yeyote aliyeuliza, "Hivi kweli yuko huko?" angejibiwa na ndugu, "Mimi mwenyewe nimempeleka." Na ndugu hasemi uongo. Kila aliyeandika chini ya picha "furahia safari" akawa shahidi wa pili kwa asomaye baada yake. Kufikia wiki ya tatu mzigo wa kuthibitisha safari haukuwa tena wa msafiri. Umma wake ulikuwa umeubeba.

Mwaka huohuo msanii Amalia Ulman alifanya jambo la jirani kwenye Instagram, kuanzia Aprili hadi Septemba. Alijichezea maisha ya msichana anayehamia mji mkubwa, anaharibikiwa, kisha anajirekebisha. Alidai hata amefanyiwa upasuaji wa matiti, jambo ambalo halikuwapo. Alimaliza akiwa na wafuasi karibu 89,000, na mwaka 2016 picha hizo zilionyeshwa Tate Modern, jumba la sanaa la London. Ukiziweka kazi hizi mbili pamoja tofauti inajitokeza yenyewe. Umma wa Ulman kwa sehemu kubwa ulikuwa wa wageni, na mgeni hutosheka na picha inayofanana na picha nyingine alizokwisha kuziona. Ndugu hatosheki hivyo. Ndugu anataka sauti, anataka kujua umekula nini, anakupigia saa ambayo hukuipanga. Kwa hiyo Zilla, mwenye watazamaji wachache, alikuwa na kazi kubwa zaidi. Wanaodhani kudanganya wengi ni kugumu kuliko kudanganya mama hawajajaribu.

Palipokuwa wazi

Kisa kilifaulu, lakini nyufa zilikuwepo, na kila moja ingeweza kukimaliza kwa dakika chache.

Skype ya miaka ile ilikuwa ikivujisha anwani ya intaneti ya mtumiaji. Aliyejua pa kuangalia angeona kwamba simu ya Laos inatoka kwenye laini ya Uholanzi. Upenyo huo ulikuja kuzibwa rasmi Januari 2016. Messenger ya Facebook nayo ilikuwa na tabia ya kuambatisha mahali mtu alipo kwenye kila ujumbe, isipozimwa. Mei 2015 mwanafunzi wa Harvard, Aran Khanna, alitengeneza programu iliyochora ramani ya nyendo za watu kutokana na ujumbe wao tu, na baada ya hapo Facebook ikabadilisha mpangilio. Msafiri wa uongo aliyesahau kuzima kitufe kimoja mwaka 2014 angeonekana yuko mtaani kwao kwa usahihi wa mita.

Kuna soketi ya ukutani. Soketi ya Uholanzi ni duara lililozama ndani, lenye matundu mawili ya mviringo. Vyumba vya wageni Thailand kwa kawaida vina soketi isiyozama, yenye matundu yanayopokea pini bapa na za mviringo pia. Soketi moja ikiingia kwenye fremu nyuma ya bega, safari imeisha. Swichi za taa na vishikio vya madirisha husema vilevile. Watu hupamba ukuta, hawakumbuki soketi.

Kuna sauti. Kengele ya tramu, king'ora cha gari la wagonjwa, jirani anayeongea Kiholanzi kwenye ngazi. Na simu ya kawaida: ukimpigia mtu aliye ng'ambo, mlio unaousikia kabla hajapokea mara nyingi ni tofauti na wa nyumbani. Hilo watu wa pwani wenye ndugu Muscat na Dubai wanalijua bila kufundishwa. Mlio ukibadilika ghafla wanauliza, "Umerudi lini?"

Na kuna kalenda ya dunia, ambayo haichezewi. Tarehe 22 Mei 2014 jeshi lilitwaa madaraka Thailand na kutangaza amri ya kutotoka nje usiku, iliyoondolewa nchi nzima tarehe 13 Juni. Mtu yeyote ambaye angetupia picha ya "Bangkok usiku huu, mitaa imejaa" katika siku za mwanzo za amri ile angejikaanga kwa mafuta yake. Anayebuni mahali alipo hana budi kusoma habari za mahali hapo kila siku kuliko hata mtalii wa kweli, maana mtalii wa kweli habari humfuata hotelini.

Hatari ya mwisho ni ya mtaani tu. Alipotoka kwenda hekaluni au mgahawani, alikuwa kwenye mji anaojulikana. Rafiki mmoja kwenye baiskeli angetosha.

Kivuko cha Likoni

Kwa msomaji wa Kiswahili kisa hiki si kigeni kama kinavyodhaniwa. Karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, palikuwa na wapiga picha wenye vibanda vyenye pazia zilizochorwa: meli kubwa, ndege, maghorofa ya mji usiojulikana. Mfanyakazi aliyetoka bara alisimama mbele ya ndege, akapigwa picha, akaituma kwao. Kuuza sura hakukuanza na Instagram.

Lakini tofauti yake na Amsterdam ni kubwa. Pazia lilikuwa linaonekana kuwa ni pazia. Mikunjo yake ilionekana, sakafu ya kibanda ilionekana, na mpokeaji kijijini alijua kabisa kwamba mwanawe hakupanda ile ndege. Picha ilisema, "Nimefika mjini, nafikiria makubwa," na ilisomwa hivyohivyo. Mpigaji, mpigwaji na mtazamaji walikuwa wamekubaliana kuhusu mchezo. Zilla alichukua pazia lilelile akaliondolea mikunjo, kisha akalifungia saa za Asia ili lisomwe kama dirisha. Leo wapo waliorudi kwenye pazia la wazi, kwa mfano anayepiga picha kwenye gari la maonyesho huku kila mtu akijua. Na wapo wanaofuata njia ya Amsterdam bila kukusudia kufichua chochote mwishoni. Hao ndio wanaoomba nauli ya kurudi, ada ya forodha au pesa za hospitali kutoka "Ulaya" wakiwa umbali wa vituo viwili vya daladala.

Anayetaka kujua kama mtu yuko anakosema asipoteze muda kwenye picha. Aombe video ya moja kwa moja, wakati ambao mwenzake hakuupanga. Akishapokelewa amwambie aende dirishani na kamera, alinganishe mwanga na saa ya huko: kama kule ni saa 8 mchana na nje ni giza, hakuna la kujadili. Amwombe ageuze kamera polepole kuzunguka chumba, usawa wa goti, siyo usawa wa uso, kwa sababu soketi na waya viko chini. Aulize kitu cha leo cha mahali hapo ambacho hakijafika kwenye habari kubwa, kama mvua ilinyesha saa ngapi au nauli ya basi kutoka kwake hadi kazini, kisha aulize tena baada ya siku tatu kwa namna nyingine. Mtandao mbovu ni kisingizio halali mara moja. Ukizuka kila inapofika zamu ya dirisha, jibu limeshapatikana.

Upande wa aliyeigiza gharama zake hazisemwi sana. Wiki 5 za kuamka usiku wa manane, za kuwa mjini kwako bila kuweza kukutana na mtu, za kutunza kumbukumbu ya kila ulichosema ili usikipinge kesho. Safari ya kweli ingekuwa na usingizi zaidi. Na alipofichua, aliyekuwa na la kusema zaidi hakuwa mgeni wa Facebook aliyebofya "nimependa". Walikuwa wale waliompungia mkono uwanja wa ndege, ambao wiki zote zile walikuwa wamewajibu watu kwa niaba yake, kwa kujiamini, kwamba yuko Asia na anaendelea vizuri.